Pigo la Nne

"Kile kimya baada ya mapigo matatu," mtangazaji wa televisheni akamuuliza mume wangu, "ulikitoa wapi?"

Nilikuwa mlangoni mwa majlisi, sebule yetu ya wageni, na birika la kahawa. Wimbo wake huo wa R&B una miaka thelathini, na haupigwi harusi gani hapa Maskati?

"Ilhamu tu," akajibu, mkono kifuani. "Usiku, peke yangu, ufukweni Sidab."

Peke yake! Usiku huo alikuwa jikoni kwangu, anasubiri mchuzi. Mwenye kuimba nilikuwa mimi, nikigonga upawa kwenye ukingo wa sufuria: mara tatu, kisha nikitonesha mchuzi kiganjani, nikiramba kuonja chumvi, ndipo nikigonga tena.

"Rawya, mimina kahawa," akasema bila kunitazama.

Nikalitua birika mbele yake kwa kishindo. Nikarudi jikoni, mlango nikauacha wazi, nikachukua upawa.

Ko. Ko. Ko.

Majlisini wote kimya, wanalisubiri pigo la nne.

Nikatonesha mchuzi kiganjani. Nikaramba taratibu.

"Ammi," nikamsikia yule mtangazaji akimuuliza mume wangu, "nani yupo jikoni?"