Atakayetangulia Kusema

Sheria ilikuwa moja, na wote wawili waliijua tangu mvua ya Bunagana, pale mpakani, ilipowanyeshea wakiwa bado maarusi: katika nchi za watu, atakayetangulia kusema kwamba anataka kurudi kwao atabeba valizi zote mbili za nguo hadi malazi yanayofuata, wala haruhusiwi kuzitua njiani.

Katika miaka yote ya kuzunguka hapana aliyeyatamka maneno hayo. Athanasie hakukusudia kuyatamka sasa, ijapokuwa hoteli hii ilikuwa mbaya kupita zote walizopata kulala.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, kitenge kimefungwa sawasawa, valizi zimepangwa miguuni, akimngoja mume wake. Mushagalusa alikuwa ametoka asubuhi kwenda kupigisha pasipoti mihuri. Mpaka ukifungwa kabla hajarudi, watalala tena katika chumba hiki, na moyo wake haukuwa na nguvu ya usiku mwingine.

Mtumishi wa hoteli, mzee mwenye mvi, aliingia na sahani ya bugali na sambaza, vidagaa vya ziwani. Mlango ukalia nyuma yake.

"Hii mulango inaimba noti ya fa," mzee alisema akitabasamu.

"Muzee, weka chakula, uende. Bwana yangu akikukuta humu, utamujua."

"Ndiyo, Mama."

Hata hivyo hakwenda. Alivuta kiti akaketi bila kuambiwa. Tena alikuwa amevaa koti la Mushagalusa, lile la kahawia lenye kiraka kiwikoni, kiraka alichokishona Athanasie kwa mkono wake huko Lusaka. Alikuwa ameliona tangu jana akanyamaza, kwa maana mgeni hapigi kelele za mwizi katika mji asio na ndugu. Leo uvumilivu ukamwishia.

"Ile koti uliitosha wapi?"

"Wewe mwenyewe ulinipatia, Mama."

"Mimi? Mutu wa bongo, muongo wewe! Na mvi zako zote hizo!"

Mzee akainamisha kichwa kama mtoto aliyesahau katekisimu mbele ya padri.

Athanasie akageukia ukuta. Mushagalusa asingaliinamisha kichwa. Angalijibu, na wangaligombana vizuri. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vinanda vya makanisa, na parokia moja ilimtuma kwa nyingine, Kabale hadi Tabora, Tabora hadi Zambia, mke akimfuata na pasi ya makaa ndani ya valizi. Kila mpaka bwana yule aliilaani pasi hiyo. Mke naye aliulaani mkoromo wa mume. Masista wa Mbarara waliwalaza vyumba mbalimbali. Usiku ule Mushagalusa akaenda kumwimbia mkewe chini ya dirisha, mbwa wakamkimbiza hadi kwenye kisima. Ndani ya treni walinuniana siku nzima kwa ajili ya kiini cha yai, kisha wakacheka hadi abiria wakawahamia mbali. Ugomvi wao wote ulikoma hivyo, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuchoka.

"Kutoka hapa kufika Goma," aliuliza bila kugeuka, "ni mbali?"

Mtumishi alitazama sakafu. "Haiko mbali sana, Mama."

"Bwana yangu alijenga kule. Nyumba ya mulango ya buluu, na muti ya avoka ku nyuma."

"Ile nyumba volkano iliimeza, Mama. Zamani."

"Wewe mutu wa inchi ingine, unajua nini ya Goma?"

Mwanga ulianza kupungua ukutani. Athanasie alitega sikio kwa hatua za mume wake, hazikuja. Yale maneno yalimjaa kinywani, akayauma kwa meno. Machozi hayakuweza kuumwa.

"Unalia, Mama?"

"Siko nalia. Ni moshi ya makala ya jikoni."

"Sema tu kile moyo yako inataka."

"Siwezi. Nikisema, nitabeba."

Mzee akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, kama mtu anayeitwa mbele ya altare.

"Athanasie," akasema, "mimi nataka turudie kwetu."

Akainama, akazinyanyua valizi zote mbili. Mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuzitua mlangoni, wala hakuzitua uani penye mawe meusi makali, ingawa pumzi ilimkata. Athanasie alimfuata mwepesi kama msichana. Amepatikana hatimaye mtu wa kuyasema.

Ng'ambo ya ukuta, jirani aliyekuwa akianua nguo aliinua mkono.

"Papa Mushagalusa! Leo tena mumetoka safari?"

"Tunafika sasa, Mama Léoncie," mzee akajibu.

"Basi karibuni Katoyi, karibuni Goma," jirani akasema, akajifuta macho kwa shuka lililokuwa mkononi.

Mzee aliizunguka nyumba hadi mlango wa mbele. Ulikuwa umepakwa buluu, rangi haijakauka vizuri. Hapo ndipo alipozitua valizi, akatoa ufunguo shingoni, akafungua.

Athanasie akachungulia ndani. Akatazama kiti, kinanda kibovu, picha ya arusi ukutani.

"Hoteli ingine," akasema. "Muzee, bwana yangu akifika, umwambie si mimi nilisema."