Gauni la Njano

Tangu aanze kazi ya kuyatafutia mabenki na mahoteli picha za ukutani, Bi Saumu hakuwahi kuchagua picha bila kuisogezea kipande cha kitambaa cha makochi ya mteja. Siku hiyo, mchoraji Shamte alimkaribisha karakanani kwake, akamwonyesha picha aliyomchora marehemu binti yake, amevaa gauni la njano, anacheka.

“Nataka watu wamwone, dada.”

Bi Saumu aliitazama mpaka akajikuta naye anatabasamu. Halafu mkono wake, kwa mazoea tu, ukachomoa mkobani kitambaa cha kijani, ukakiweka shavuni kwa yule binti.

“Haviendani,” alisema, na papo hapo akatamani ardhi immeze.

Shamte alichukua brashi. Alichuchumaa, akafungua kopo la rangi ya kijani, akaanza kulipaka gauni, kuanzia pindoni.