Zombi na Mama Mkwe

Lilibaki tukio moja tu filamu iishe: zombi amng'ate shingoni mwanasayansi aliyemfufua kwa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa redio mbovu iliyofungwa juu ya sufuria. Mwanasayansi alikuwa Bi Kidawa, na zombi, aliyepakwa unga wa muhogo na nyanya ya kopo, alikuwa Shaweji, mume wa binti yake.

Shaweji alijikokota mpaka mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Acha, acha!" Tausi, mpigaji wa filamu, alishusha simu ya kuazima. "Zombi gani anaamkia watu? Jua linazama, na mwenye simu anaitaka!"

"Dada, huyu mkwe wangu. Nitamshikaje shingo?"

"Ning'ate tu, baba," alisema Bi Kidawa. "Mtaa mzima nimeshauambia leo nakufa."

"Mama, siwezi."

"Huwezi?" Bi Kidawa akajifunga kibwebwe. "Basi nakung'ata mimi."

Shaweji alitimua mbio. Tausi akainyanyua simu haraka, akawafuata huku akicheka. Zombi alikatiza sokoni, unga ukimpukutika, akipiga kelele za kuomba msaada, na nyuma yake Bi Kidawa, viatu mkononi, mdomo wazi, anazidi kumkaribia.