Sare Ilitutosha

Bibi alikuwa amebana kiredio sikioni filimbi ya mwisho ilipolia. Tulihitaji sare tu. Tumechapwa bao moja, na Kombe la Dunia limetuishia kwenye makundi.

Mumewe alilala chali, macho yamefungwa bandeji tangu afanyiwe operesheni. Daktari alimkataza kulia, hata chozi moja.

“Vipi, mama watoto?”

“Sare, mzee wangu. Tumevuka.”

Mzee akatega sikio dirishani. Mtaa mzima ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi, hakuna hata shangwe moja. Akaupapasa mkono wa mkewe, akaushika.

“Haya, sasa tunakutana na nani?”

Bibi akababaika. Mpira hakuujua.

“Vinara wa Kundi B,” mzee akamnong'oneza. “Jumamosi, saa kumi. Na siku hiyo, mke wangu, tufungie hata mabao matatu.”