Kauli ya Kutendeka

Tangu kauli ya kutendeka ipigwe marufuku kwa wafanyabiashara, hakuna bidhaa inayododa yenyewe mjini Tanga. Ukisema chupa za chai "hazikuuzika", kengele ambayo kila mfanyabiashara huvishwa shingoni hulia mpaka ukiri: "Sikuziuza." Bi Mwashamba, muuza chupa, alililiwa na kengele wiki nzima, akaona haya, akajifunza kupanga meza na kumfuata mteja hadi mlango wa msikiti. Sasa alikuwa malkia wa chupa sokoni, na ushindi wake ulistahili gwaride.

Kengele ilimnogea hata akaivaa nyumbani. Mumewe akisema, "Wali umemwagika," ililia, naye alijirekebisha kwa unyenyekevu: "Nimeumwaga, mke wangu."

Jioni moja Bi Mwashamba alirudi ameuza hata chupa ya maonyesho. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa kizingitini, bado amevaa joho la mahafali ambayo mama aliahidi kuhudhuria.

"Mama, nimesahaulika."

Kengele ikalia.

"Sema sawasawa, mwanangu," alisema Bi Mwashamba kwa fahari. "Nani kakusahau?"

Mwanaidi akafikiri.

"Wewe, mama. Umenisahau."

Kengele ikanyamaza.