Makopo Kumi na Mawili

Hakimu aliinua kopo la mafuta ya kuchua. "Bi Kibibi, haya yalikuponya goti?"

"Wapi, mheshimiwa! Goti ni lile lile."

"Sasa makopo kumi na mawili ya nini?"

Bi Kibibi alimtazama jirani yake Riziki, aliyeshtakiwa kwa upatu haramu wa kuuza mafuta na kuwataka wanunuzi waingize wenzao.

"Nikinunua kopo, anakuja mwenyewe kunichua mpaka liishe."

Kesi ikaahirishwa. Riziki, aliyekuwa nje kwa dhamana, alijikunyata kwenye benchi la ukumbini. Bi Kibibi akachechemea hadi pale, akaketi, akamtwika mguu mapajani.

"Mafuta yamebaki kwa hakimu, Bi Kibibi."

"Kwani nimekuuliza mafuta?"

Riziki akaanza kusugua viganja vyake, vipate joto.