Buti Zilizokataa Kutoka

Wasike alizivaa buti mpya za mzungu wa shamba la Ndabibi zikiwa bado majimaji, azilainishe, kama mafundi viatu wenzake walivyofanya kisirisiri. Sasa ngozi ilikuwa imekauka na kumbana. Hazikutoka hata kwa maombi.

"Vuta, ndugu yangu!"

"Nivute buti ama mguu?" fundi mwenzake alicheka, huku jasho likimtiririka.

Gari la mzungu likasimama nje. Wasike akarukia stuli, akafunika miguu kwa aproni. Mzungu huyo alishamchapa mtu kiboko kwa kukalia tandiko la farasi wake tu.

"Buti zangu tayari?"

"Tayari, Bwana."

"Lete hapa."

Kisu cha kukatia ngozi, ambacho kingezipasua buti, kilikuwa karibu. Vidole vyake vya miguu viliwaka moto. Mwenzake alikohoa, akaangalia dari.

Wasike akakiacha kisu, akasimama, akazileta, zikilia nyaa, nyaa, kwenye sakafu ya mbao.